Je, Ukulele Inaweza Kupiga Blugrasi? Jibu Limo katika Uzi wa Nne

Tangu vijana wa Bagamoyo waanze kuonekana na ukulele mikononi, ufukweni karibu na soko la samaki na kwenye baraza za Mji Mkongwe, kumezuka ubishi ambao nimeusikia mara nyingi kiasi cha kuona kwamba unastahili kujibiwa kwa maandishi. Kijana mmoja ameona kwenye simu yake Mmarekani akipiga ukulele kwa kasi ya ajabu, vidole vikikimbia kama miguu ya kaa mchangani, akaambiwa kwamba muziki huo unaitwa blugrasi. Mwenzake anakataa, kwa hoja kwamba blugrasi hupigwa kwa banjo. Wa tatu anasema blugrasi ni kantri ile ile ya redioni iliyobadilishwa jina, na mzee aliyeketi pembeni anafunga mjadala kwa kauli kwamba ukulele ni gitaa la watoto na haina muziki wowote wa watu wazima ndani yake. Vijana hao watatu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Kauli ya mzee wetu, kwa heshima zote, ndiyo iliyo mbali zaidi nao.

Tuanze na maana za maneno, kwa sababu nusu ya ubishi inatoka hapo. Ukulele ni chombo kidogo cha nyuzi nne kilichopata umbo na jina lake katika visiwa vya Hawaii. Blugrasi ni mtindo wa muziki wa Marekani uliokamilika katika miaka ya 1940, na ambao kwa desturi hupigwa kwa vyombo vya nyuzi bila ngoma. Kimoja ni chombo na kingine ni mtindo, kwa hiyo kuuliza kama ukulele ni ya blugrasi ni sawa na kuuliza kama fidla ni ya taarabu. Fidla haikuzaliwa katika taarabu, lakini hakuna mtu wa Tanga au Unguja anayeshangaa leo kuikuta humo, kwa kuwa ilipewa kazi ikaifanya vizuri. Swali lenye maana, basi, ni kama katika blugrasi kuna kazi ambayo ukulele inaiweza.

Ili kulijibu inatupasa kukijua chombo chenyewe. Mwezi wa Agosti mwaka 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira cha Wareno, waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, na kutokana na kigitaa cha kwao kiitwacho machete ikatoka ukulele, ambayo Mfalme Kalākaua wa Hawaii aliipenda na kuipa nafasi katika hafla za ikulu yake. Sisi wa pwani, ambao udi wetu na gambusi letu vilikuja kwa majahazi, tunaelewa vizuri jinsi chombo kinavyoweza kushuka bandarini kikiwa mgeni na baada ya muda kikawa mwenyeji.

Nyuzi za ukulele, kuanzia ule ulio karibu na uso wa mpigaji hadi ule ulio karibu na magoti yake, hupangwa kwa sauti za G, C, E na A. Anayejua gitaa ataona undugu mara moja. Ukibana kapo, yaani kile kibanio cha shingoni, kwenye freti ya tano ya gitaa (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokata shingo ya chombo), nyuzi nne nyembamba za gitaa hutoa majina hayo hayo manne. Ndiyo maana mkao wa vidole unaotoa D kwenye gitaa hutoa G kwenye ukulele, na mpiga gitaa huweza kuanza kuimbia ukulele siku ile ile aliyoishika. Nadhani dhana ya gitaa la watoto imepata nguvu hapo. Lakini nyuzi za gitaa hupanda kama ngazi, kutoka uzi mnene wenye sauti nzito hadi mwembamba wenye sauti ya juu, ilhali kwenye ukulele uzi wa nne (nyuzi huhesabiwa kuanzia ule wa A), yaani huo wa G, ambao mtu angetegemea uwe mzito kuliko yote, ni mwembamba na sauti yake inazidiwa na ile ya A peke yake. Ni kama mwalimu awapange watoto wanne mstarini kwa urefu, kisha amtoe aliye wa pili kwa urefu na kumsimamisha mwanzoni kabisa, kando ya aliye mfupi kuliko wote. Anayeona mpangilio huo kwa mara ya kwanza hudhani kuna kosa. Kosa halipo, na makala haya yote yanauzunguka uzi huo.

Sasa blugrasi. Mwasisi wake anayetambuliwa ni Bill Monroe, mpiga mandolini (chombo kidogo cha nyuzi) aliyezaliwa mwaka 1911 huko Rosine, katika jimbo la Kentucky, ambalo Wamarekani hulipa jina la utani la jimbo la majani ya buluu. Bendi yake aliiita Blue Grass Boys kwa heshima ya nyumbani kwao, na jina la mtindo likatokana na jina la bendi. Mwaka 1939 Monroe aliingia katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry mjini Nashville, na mwishoni mwa mwaka 1945 akajiunga naye kijana wa North Carolina, Earl Scruggs, aliyepiga banjo kwa vidole vitatu kwa namna ambayo wasikilizaji wengi walikuwa hawajaisikia. Watu wengi huchukulia kwamba huu ni muziki wa kale uliotoka milimani ukiwa umekamilika. Malighafi yake ni ya kale kweli: nyimbo za dansi za Waskoti na Waairishi, nyimbo za kanisani, na bluzi ya watu weusi. Mtindo wenyewe, hata hivyo, ni mdogo kwa umri kuliko taarabu yetu iliyorekodiwa, kwani Siti binti Saad alikwisha kutia sauti yake kwenye santuri mwaka 1928, zaidi ya miaka kumi kabla ya Monroe kufika Nashville.

Kuhusu banjo ni lazima nikae kidogo, kwa sababu vijana wetu wengi huiona kuwa chombo cha Wazungu, na dhana hiyo inanisikitisha. Banjo ilitengenezwa na Waafrika waliopelekwa utumwani katika visiwa vya Karibi na Marekani, wakikumbuka vyombo vya Afrika Magharibi kama akonting ya Wajola wa Senegambia, ambayo ni kibuyu kilichowambwa ngozi na kutiwa shingo ndefu. Anayeijua sauti ya zeze la Wagogo hatashangazwa na kibuyu hicho. Akonting ina uzi mmoja mfupi unaopigwa kwa kidole gumba, na banjo ya nyuzi tano inao uzi wa namna hiyo hadi leo. Monroe mwenyewe, akiwa kijana, alijifunza mengi kwa Arnold Shultz, mwanamuziki mweusi wa Kentucky, na wakapiga pamoja katika dansi za vijijini. Mtu wa Bagamoyo, mji ulioona misafara ya watumwa ikifika ufukweni, anaweza kuelewa bila kuelezwa sana jinsi watu wanavyonyang'anywa kila kitu wakabaki na wimbo, ijapokuwa wale walivushwa bahari nyingine.

Je, blugrasi ni kantri? Ni ndugu wa ukoo mmoja walioachana njia. Kantri tunayoisikia redioni humweka mwimbaji mbele, na nyuma yake kuna ngoma na magitaa ya umeme. Blugrasi hutegemea vyombo visivyo vya umeme, kwa kawaida mandolini, banjo, fidla, gitaa na besi kubwa ya kusimama, na kila chombo kina wajibu wake.

Wajibu huo ndio unaowachanganya wasikilizaji, nao unaeleweka kwa urahisi ukifikiria wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Mchi wa kwanza ukishuka, wa pili uko juu. Wa pili ukishuka, wa kwanza unapanda, na mlio unaotoka ni mmoja usiokatika. Katika blugrasi besi ni mchi wa kwanza. Mchi wa pili ni mandolini, inayopiga kordi fupi kavu katikati ya mapigo ya besi, na kordi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Mpigo huo mfupi nitauita mkato. Hakuna ngoma, lakini mtu anasikia kana kwamba ipo, kwa sababu mkato umechukua nafasi ya chapuo. Juu ya msingi huo banjo inamwaga noti mfululizo, na kila baada ya ubeti mpigaji mmoja hupewa zamu ya kupiga sauti ya wimbo peke yake huku wenzake wakipunguza. Mkato, mfululizo wa noti, na zamu: mtu akivielewa vitatu hivi ameshaelewa sehemu kubwa ya mtindo huu.

Turudi kwenye uzi wa nne. Banjo ya nyuzi tano, ikipangwa kwa namna iliyozoeleka zaidi katika blugrasi, ina uzi wake mfupi wa tano uliotiwa sauti ya G iliyo juu, na sauti hiyo ni ile ile kabisa ya uzi wa nne wa ukulele, mitikisiko 392 kwa sekunde. Vyombo viwili vilivyokulia mbali hivyo, kimoja katika mashamba ya watumwa na kingine katika kisiwa cha Pasifiki, vimekutana kwenye sauti moja, na vyote viwili vimeiweka mahali ambapo gumba inaifikia kwa urahisi. Nilipoligundua jambo hili niliiweka ukulele chini nikakaa kimya kwa muda.

Faida yake inaonekana katika mzunguko wa vidole, ambao ndio chanzo cha ule mfululizo wa noti za banjo. Katika mtindo wa Scruggs, gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati hupokezana kwa utaratibu maalumu, na mzunguko ulio maarufu zaidi una noti nane zinazogawanyika katika makundi ya tatu, tatu na mbili. Kwenye banjo mpigaji anaweza kugusa uzi wa tatu, wa pili, wa kwanza. Kisha wa tano, wa pili, wa kwanza. Kisha wa tano na wa kwanza. Kwenye ukulele hubadilishi chochote isipokuwa kuuweka uzi wa nne mahali pa wa tano: tatu, pili, kwanza; nne, pili, kwanza; nne, kwanza. Gumba hupiga wa tatu na wa nne, shahada wa pili, na kidole cha kati wa kwanza. Anayejaribu kwa utulivu, kordi moja tu ikiwa imeshikwa, ataisikia banjo ndogo ikizungumza ndani ya kisanduku cha mbao.

Msomaji anaweza kuuliza sauti ya wimbo iko wapi katika mzunguko huo unaojirudia. Aliyewahi kumtazama bibi akisuka ukili wa mkeka anajua jibu. Miyaa yote hupishana kwa mpango mmoja, lakini msusi akiingiza muyaa mmoja uliotiwa rangi, jicho huufuata huo na ua likatokea, ingawa mwendo wa vidole haukubadilika. Noti za wimbo ndizo muyaa wa rangi: mpigaji huhakikisha zinaangukia vidole vyake kwa wakati wake na kuzipiga kwa nguvu kidogo kuliko nyingine, na zilizobaki zinakuwa ardhi ya mkeka. Waliopata kusikia ilimba za Wagogo zikipigwa hapa Bagamoyo, mji ambao mwanamuziki Hukwe Zawose aliishi na kufundisha hadi alipofariki mwaka 2003, masikio yao yameshazoea kusikiliza wimbo unaojitokeza na kujificha ndani ya mizunguko. Kwa maoni yangu mwanafunzi wa hapa anaanza akiwa mbele ya wengi kwa sababu hiyo.

Uzi huo una sharti lake. Kwa kuwa mara nyingi hupigwa bila kubanwa, sauti yake ya G hulia ndani ya kila kordi, na wimbo ukiwa katika G au C inakaa vizuri kama harufu ya karafuu ndani ya pilau; ukiwa katika D au A, inaanza kugombana na majirani. Blugrasi hupenda sana A, hasa kwenye nyimbo za fidla, na dawa yake ni kapo kwenye freti ya pili, ambapo mikao yote ya G inatoa A na uzi wa nne unapanda pamoja na nyingine. Mpiga banjo hutumia njia hiyo hiyo, isipokuwa yeye huupandisha uzi wake wa tano peke yake, kwa sababu unaanzia katikati ya shingo.

Mkato ni rahisi kwa maelezo na mgumu kwa mkono. Ili kordi iwe fupi, mkono wa kulia hupiga kordi na papo hapo vidole vya kushoto hulegea bila kuachana na nyuzi, zikanyamaza. Hilo haliwezekani kama baadhi ya nyuzi hazikubanwa, kwa kuwa zitaendelea kulia. Kordi ya C ambayo kila anayeanza hufundishwa, yenye kidole kimoja tu, haifai kabisa kwa kazi hii. Inahitajika mikao iliyofungwa, ambayo kila uzi umebanwa: kwa C, freti 5, 4, 3, 3 kuanzia uzi wa nne, kwa G, freti 4, 2, 3, 2. Mkao ule wa C ukisogezwa freti mbili mbele, yaani 7, 6, 5, 5, unakuwa D. Kwa mikao miwili tu umepata G, C na D, ambazo zinatosha kwa nyimbo nyingi sana za blugrasi.

Mahali ambapo ukulele inashindwa pia pasemwe. Sauti yake ya chini kabisa ni C ya katikati, ilhali fidla na mandolini hushuka hadi G iliyo chini yake, kwa hiyo nyimbo nyingi za fidla zina noti ambazo ukulele haina pa kuzipigia. Kuna wanaotatua hili kwa kuuondoa uzi wa nne mwembamba na kufunga mnene wenye G ya chini, ambao unafika hasa pale fidla inapoishia. Wimbo unapata nafasi yake, lakini mzunguko niliouelezea unapoteza ule uzi wa juu unaorudi rudi, na ubanjo wake unatoweka. Hakuna njia ya kuvipata vyote viwili kwenye chombo kimoja kwa wakati mmoja. Nguvu ya mlio nayo ni ndogo: nyuzi za nailoni juu ya kisanduku cha mbao haziwezi kushindana na nyuzi za chuma za banjo zilizo juu ya kiwambo kilichokazwa, na katika duara la wapigaji ukulele itasikika tu ikiwa wenzake wana adabu ya kushusha sauti inapofika zamu yake.

Kasi, ambayo ndiyo iliyowavutia vijana wetu kwenye simu, ni jambo la mwisho kulitafuta. Katika wimbo wa haraka noti nane za mzunguko hupita kwa sekunde moja hivi, na anayelazimisha mwendo huo kabla vidole havijawa sawa huishia kuzifuta noti za wimbo na kubakiza kelele. Ni afadhali noti nane zilizo sawa katika sekunde tatu.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini rafiki wawili, mmoja Bagamoyo na mwingine Tanga, hawawezi kupiga blugrasi pamoja kwa simu ya video, ingawa wanaweza kuzungumza bila shida. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo wapigaji walioketi barazani hatua chache wakitazamana husikiana kwa kuchelewa kusikozidi sehemu moja ya mia ya sekunde, na sikio halitambui. Simu ya video mara nyingi huchelewesha zaidi ya sehemu moja ya kumi, ambayo ni sawa na kupiga mkiwa mmeachana mita 34. Kuchelewa kukifika robo sekunde, katika mwendo ule wa haraka, mkato wa mmoja unaangukia juu kabisa ya besi ya mwenzake, na michi inagongana kinuni. Wanaofanikiwa kwa mbali hurekodi mmoja baada ya mwingine: wa kwanza anapiga besi na kordi kwa gitaa, anatuma, na wa pili anaongeza mzunguko wake juu ya rekodi hiyo.

Hata hivyo ningependa wakutane barazani, na tena wakiwa watatu: mmoja abaki na uzi wa juu afanye mizunguko, wa pili afunge G ya chini abebe nyimbo za fidla, na wa tatu ashike mkato, huku nyuzi nene za gitaa zikichukua nafasi ya besi. Anayekusudia kufunga uzi huo mnene atazame kwanza kipande cha mfupa au plastiki kilicho juu ya shingo, pale nyuzi zinapopita kuelekea kwenye vigingi vya kukazia. Kijito cha uzi wa nne kilichongwa kwa ajili ya uzi mwembamba, na huenda kikahitaji kupanuliwa kidogo kwa tupa nyembamba ndipo uzi ukae bila kukwama.